Pima Maharage kwa Kikombe: Mwongozo wa Protini kwa Mwanamichezo Asiyekula Nyama

Mwambie mama lishe yeyote wa Tanzania kwamba unakula mboga tu, naye atakuuliza mboga gani: nyama, samaki au maharage? Kwetu mboga ni chochote kinacholiwa na ugali, na nyama ndiyo mboga ya heshima. Asiyekula nyama huanza siku yake kwa kujieleza. Akiwa mwanamichezo, maelezo huwa marefu zaidi, maana kocha, shangazi na jirani wote wanaamini kwamba misuli hutoka buchani.

Nimekulia Upare, katika nyumba ya Wasabato ambamo nyama haikuingia jikoni, na nimekuwa nikikimbia mbio ndefu tangu sekondari. Kwa miaka mingi mwili ulikuwa unachelewa kupona. Nikikimbia milima Jumanne, mapaja yananiuma mpaka Ijumaa. Mafua nayo yalikuwa hayaniishi kila mazoezi yakikolea. Nililaumu kukosa nyama, kama wengine walivyoniambia. Siku nilipokaa na daftari nikaandika kila ninachokula, nikaona kisa chenyewe: asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili, mchana na usiku mlima wa ugali, mchicha, na maharage vijiko vitatu vya kulowanisha tonge. Protini ya siku nzima haikufika gramu 50, nami nina kilo 60. Maharage yalikuwemo nyumbani siku zote, tena gunia zima. Nilikuwa nayala kama kiungo.

Ninayoandika hapa ni kwa mtu anayekula mayai na maziwa lakini hali nyama wala samaki. Asiyekula hata mayai na maziwa nitamtaja pale anapohitaji njia yake.

Hatua ya 1: Jua kiasi chako

Mtu mzima asiye na mazoezi hushauriwa gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwanamichezo hushauriwa kati ya gramu 1.2 na 2.0. Mkimbiaji, mwendesha baiskeli au mcheza mpira anatosheka na 1.4 hadi 1.6. Anayenyanyua vyuma, au anayepunguza uzito huku anafanya mazoezi, asogee kwenye 1.8 na zaidi. Protini ya mimea humeng'enywa pungufu kidogo kuliko ya mayai na maziwa, kwa hiyo mimi sikai chini ya 1.5.

Chukua uzito wako, zidisha kwa 1.5. Kilo 60 ni gramu 90. Kilo 75 ni kama gramu 112. Andika namba yako mahali utakapoiona, mlangoni mwa kabati la jikoni kwa mfano. Mwenye ugonjwa wa figo asianze kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kama namba hiyo inakutisha, fikiria wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa chakula cha wakimbiaji 10 wa Kikalenjin wa kiwango cha juu wakiwa kambini kabla ya mashindano. Walikuwa wanapata takribani gramu 1.3 za protini kwa kilo, na sehemu kubwa ya chakula chao ilitoka kwenye mimea: ugali, wali, maharage, viazi, kabeji, pamoja na maziwa kwenye chai. Nyama walikula, ila kidogo. Mwili wa mkimbiaji bora duniani ulikuwa unajengwa kwa vyakula ambavyo wewe na mimi tunavipata sokoni.

Hatua ya 2: Daftari la siku tatu

Usibadilishe chochote kwanza. Kwa siku tatu, mbili za kazi na moja ya mwisho wa wiki, andika kila kinachoingia mdomoni na kiasi chake. Tumia kikombe kimoja cha mililita 250 kupimia kila kitu. Kisha jumlisha kwa makadirio haya, ambayo ni ya chakula kilichokwisha kupikwa isipokuwa nilipotaja vingine:

Kikombe cha maharage: gramu 15
Kikombe cha choroko (Wakenya huziita ndengu): gramu 14
Kikombe cha adesi: gramu 17 au 18
Kikombe cha kunde: gramu 13
Kikombe cha mbaazi: gramu 11
Yai moja: gramu 6
Kikombe cha maziwa au mtindi: gramu 8
Konzi ya karanga, kama gramu 30: gramu 7
Vijiko viwili vya chakula vya siagi ya karanga: gramu 7
Ugali wa dona uliotokana na gramu 150 za unga: gramu 12
Kikombe cha wali: gramu 4
Chapati moja ya wastani: gramu 5

Hivi ni vya makadirio, vinapanda na kushuka kwa aina ya mbegu na maji ya kupikia, lakini vinatosha kukuonyesha shimo liko wapi. Angalia na visivyokuwemo. Muhogo, ndizi za kupika na viazi vitamu vinatoa nguvu nzuri ya kukimbilia, ila protini yake ni kidogo mno. Anayeishi kwa muhogo na mchicha, hata akishiba, bado anadaiwa.

Na mlonge. Nimeulizwa mara nyingi kama unga wa majani ya mlonge unatosha kwa protini. Ni kweli unga mkavu una protini nyingi ukiupima kwa gramu 100, lakini nani anakula gramu 100 za mlonge? Kijiko kimoja cha chakula kinakupa kama gramu 2. Tumia mlonge kama mboga za majani, ila usiuhesabu.

Hatua ya 3: Anza na asubuhi

Wengi wetu tunapoteza siku hapa. Chai ya rangi na andazi ni sukari, ngano na mafuta. Ukikimbia saa kumi na mbili asubuhi kisha ukanywa hiyo, mwili unasubiri mpaka saa saba mchana kupata kitu cha kujitengenezea.

Badilisha kifungua kinywa kabla ya kugusa mlo mwingine wowote. Uji wa ulezi uliopikwa kwa kikombe kizima cha maziwa pamoja na mayai mawili unakupa zaidi ya gramu 20. Asiyekula mayai na maziwa aweke kwenye uji vijiko vitatu vya unga wa soya na vijiko viwili vya siagi ya karanga, atafika karibu na hapo. Soya iliyosagwa mbichi usiitumie: ina kemikali zinazozuia umeng'enyaji wa protini, na moto ndio unaoziharibu. Iwe imechemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa, na uji wenyewe uive.

Kuhusu unga wa lishe unaouzwa tayari, muulize muuzaji kilichomo na kwa kiasi gani. Mara nyingi mahindi ndiyo yamejaa, na soya na karanga zimepita tu. Mimi nachanganya mwenyewe: mafungu mawili ya ulezi, fungu moja la soya, basi. Karanga naweka wakati wa kupika kwa sababu unga wenye karanga huchacha upesi.

Pwani wana jibu zuri kuliko letu la bara: mbaazi za nazi na mahamri asubuhi. Ukila kikombe na nusu cha mbaazi, umeanza siku na gramu 16 kabla ya kuhesabu mahamri.

Hatua ya 4: Shika sufuria ya maharage

Hapa naomba tukae kidogo, maana watu wengi huacha maharage kwa mambo mawili: yanakula mkaa, na yanajaza gesi tumboni. Yote mawili yana dawa, na dawa ni moja, maji.

Chambua maharage kwenye ungo, osha, kisha loweka kwenye maji mengi usiku kucha, saa nane hadi kumi na mbili. Asubuhi mwaga maji hayo yote. Suuza. Weka maji mapya. Kumwaga maji ya kulowekea kunaondoa sehemu ya sukari ngumu ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Hizo zikishuka hadi kwenye utumbo mpana, bakteria huzichachua, ndipo gesi inapotoka. Kuloweka kunapunguza pia asidi ya fitiki, ile inayoshikilia madini ya chuma na zinki yasifyonzwe mwilini. Na maharage yaliyolowekwa huiva kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo mkaa unabaki.

Yakianza kuchemka, acha yachemke kwa nguvu, mapovu juu, si chini ya dakika 10, ndipo upunguze moto. Maharage mekundu hasa yana sumu ya asili ambayo mchemko wa nguvu huiharibu. Moto mdogo tangu mwanzo hauiondoi. Maharage mekundu yasiyoiva vizuri yanatosha kukutapisha usiku kucha. Nyanya na ndimu ziingie mwishoni, kwani vitu vyenye ukali huchelewesha maharage kulainika.

Magadi je? Yanalainisha upesi, ni kweli, ila yanaharibu vitamini B1, ambayo mwanamichezo anaihitaji ili mwili wake ugeuze wanga kuwa nguvu. Bora sufuria ya presha kama unaweza kuinunua. Kwangu ndicho chombo cha jikoni kilichonisaidia zaidi kwenye mbio kuliko hata viatu.

Pika mengi kwa mara moja. Mwenye friji apike Jumapili na Jumatano, agawe kwenye vyombo vya kikombe kimoja kimoja. Asiye na friji apike ya siku moja, na yatakayobaki ayachemshe tena kabisa kabla ya kulala na asubuhi. Maharage yaliyochacha usiyahurumie, mwaga.

Kuhusu tumbo: usitoke kwenye vijiko vitatu ukarukia vikombe vitatu. Wiki ya kwanza kula nusu kikombe kwa siku, ya pili kikombe, ya tatu kikombe na nusu, na kuendelea. Tumbo hujifunza. Choroko na adesi ni nyepesi kuliko maharage mekundu, anza nazo kama una tumbo jepesi. Na usile maharage saa mbili kabla ya mazoezi. Yape saa tatu au nne. Kabla ya kukimbia kula ndizi au viazi.

Hatua ya 5: Jamii ya kunde (maharage, choroko, soya na wenzake) na nafaka ziwe ndugu

Protini imejengwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi. Tisa kati yake mwili wa mtu mzima hauwezi kuvitengeneza, lazima uvile. Mahindi yana upungufu wa kimoja kinachoitwa laisini. Maharage yanacho tele. Maharage yana upungufu wa methionini. Mahindi na nafaka nyingine zinayo ya kutosha. Ukiviweka pamoja, kimoja kinaziba pengo la kingine.

Bibi zetu wa Upare hawakusoma habari za laisini, lakini makande yalikuwepo jikoni mwao, mahindi yaliyokobolewa na maharage katika chungu kimoja. Wakikuyu wana githeri, jambo lile lile. Wahindi wa Afrika Mashariki, ambao miongoni mwao wako wasiokula nyama vizazi na vizazi, wana wali na dali. Si lazima vitu hivyo vilingane katika mlo mmoja kila mara. Ukila nafaka asubuhi na kunde jioni, mwili unajua kuviunganisha ndani ya siku hiyo.

Kosa liko kwenye mizani. Makande ya wengi wetu leo ni mahindi yenye maharage ya kuhesabika. Kwa mwanamichezo, pima vikombe viwili vya mahindi makavu kwa kikombe kimoja na nusu cha maharage makavu. Nina upendeleo wangu hapa, nakiri: makande yenye nazi na karoti, baada ya mbio za kilomita 25 za Jumapili, sijapata kuona chakula cha mazoezi kinachoyapita.

Soya ndiyo kunde yenye uwiano mzuri kuliko zote, na nyama ya soya, vile vipande vikavu vinavyouzwa kwa pakiti, ina karibu nusu ya uzito wake protini ikiwa kavu. Gramu 40 kavu ni kama gramu 20 za protini. Iloweke kwenye maji ya moto, kamua, kaanga na kitunguu, nyanya na tangawizi. Ni msaada mkubwa siku ambayo hukuloweka maharage.

Karanga na mbegu za maboga ni nyongeza njema, ila zina mafuta mengi; ukitaka gramu 30 za protini kutoka kwenye karanga peke yake utakuwa umekula chakula cha watu wawili. Zichague kwa macho. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zina hatari ya sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi na karanga ni nguzo za chakula chetu, kwa hiyo usinunue vya bei ya chini kwa sababu vimelowa.

Hatua ya 6: Gawanya kwa siku

Mwili hutumia protini vizuri ikija kwa mafungu, gramu 20 hadi 30 kila baada ya saa tatu au nne, kuliko ikija yote usiku. Siku yangu ya mazoezi, kwa kilo 60, inakwenda hivi.

Saa moja na nusu asubuhi, baada ya kukimbia: uji wa ulezi wa maziwa na mayai mawili, kama gramu 23. Saa saba mchana: ugali wa dona, kikombe na nusu cha maharage, mchicha uliopikwa kwa vijiko viwili vya karanga za kusaga, kama gramu 39. Saa kumi jioni: kikombe cha mtindi na chungwa, gramu 8 au 9. Saa mbili usiku: vikombe viwili vya wali na kikombe cha choroko za nazi, gramu 22. Jumla ni zaidi ya 90. Asiyekula mayai na maziwa aweke soya asubuhi, karanga na maziwa ya soya jioni, na aongeze nusu kikombe cha choroko usiku.

Ona kwamba ugali na wali sijaviondoa. Wako watu wakisikia habari za protini wanaacha wanga kabisa, kisha wanashangaa miguu imekuwa mizito. Mwili ukikosa wanga wa kutosha huchoma hata protini kama kuni, na misuli inabaki bila matofali. Siku za mazoezi makali kula ugali wako. Linalobadilika ni ukubwa wa bakuli la pembeni.

Na protini bila kazi haijengi. Weka mara mbili kwa wiki mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa, pushapu, kupanda mlima kwa kasi.

Hatua ya 7: Madini ya chuma na vitamini B12

Hapa ndipo asiyekula nyama anapoweza kuumia kweli, kuliko kwenye protini. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Vitamini C inakisaidia: kamulia ndimu kwenye maharage wakati wa kula, weka kachumbari ya nyanya, maliza na embe, papai au chungwa. Chai na kahawa zinakizuia, na hili kwetu ni gumu maana chai iko kila mahali. Iache ipite saa moja baada ya mlo ndipo unywe.

Dada zangu wanaokimbia, ninyi mnapoteza chuma kila mwezi pamoja na kile kinachopotea kwa mazoezi. Pimeni damu angalau mara moja kwa mwaka, na ombeni kipimo cha ferritini, kinachoonyesha akiba ya chuma, pamoja na himoglobini, kwa sababu akiba ya chuma huweza kuisha kabla himoglobini haijashuka. Pumzi ikikata kwenye kilima ulichokuwa unakipanda bila shida, nenda kapime. Vidonge vya chuma usinywe kwa kukisia.

Vitamini B12 haimo kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Mayai na maziwa ya kila siku hutosha kwa wengi. Asiyekula chochote cha mnyama lazima atumie vidonge vya B12 au vyakula vilivyoongezewa. Huwezi kulikwepa hili, na upungufu wake huharibu neva polepole bila kelele.

Hatua ya 8: Nje ya nyumba

Kwa mama lishe, sema mapema na kwa heshima. "Shikamoo mama. Naomba ugali kidogo, maharage bakuli mbili, nitalipia ya pili. Sili nyama wala dagaa, naomba yasichanganywe na supu." Sema dagaa kwa jina lake, kwa sababu wengi hawawahesabu kama nyama, na maharage mengine huungwa kwa supu ya ng'ombe ili yanoge. Ukienda mahali pamoja kila siku, wiki ya pili utakuta bakuli lako limetengwa.

Kambini au safarini beba karanga zilizokaangwa, siagi ya karanga, mayai ya kuchemsha na pakiti ya nyama ya soya. Unga wa protini wa kopo si lazima. Ukiutaka, na unashindana mashindano yanayopima dawa, nunua tu uliothibitishwa na maabara huru, kwa kuwa mwanamichezo huwajibika kwa kila kinachokutwa mwilini mwake hata kama hakukijua.

Siku ya kuamkia mbio punguza kunde: wali, viazi, ndizi, mayai, mtindi. Ukivuka mstari, ndani ya saa moja hivi, kunywa maziwa au mtindi na kula kitu cha wanga. Maharage yawe yanakusubiri nyumbani, yaliyolowekwa tangu jana yake.